Mwanga Unaoachwa: Namna ya Kutazama Mandhari ya Rangi za Maji

Mhadhara wa wazi kwa walimu, wanafunzi na wapenzi wa sanaa



Nimeombwa nizungumzie ufundi na mpangilio katika uchoraji wa mandhari kwa rangi za maji. Katika vitabu vingi mambo haya mawili hutenganishwa. Sura moja hufundisha namna ya kushika brashi na kuchanganya rangi. Sura nyingine hufundisha mahali pa kuweka mti, mlima na mstari wa upeo. Hoja yangu ni kwamba katika rangi za maji utengano huo haupo. Mchoraji hawezi kuanza kupaka kabla hajaamua ni wapi hatapaka kabisa, na uamuzi huo mmoja ndio ufundi wake, na ndio mpangilio wake. Anayeshika jambo hili anaweza kusimama mbele ya picha yoyote ya aina hii, hata kama hajawahi kugusa brashi, akaisoma hatua kwa hatua.

Nitaieleza hoja hii kwa picha tatu tu, zote za Waingereza, zilizochorwa kati ya mwaka 1800 na 1842. Nimechagua kipindi hicho kwa sababu ndipo mandhari ya rangi za maji ilipoacha kuwa kazi ya kusaidia ramani ikawa sanaa inayojitegemea. Tatizo lililowakabili wachoraji hao watatu ni moja, na kila mmoja alilitatua kwa njia yake.

Rangi, gundi na karatasi

Tuanze na vitu vyenyewe. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa ukawa laini kabisa, ukachanganywa na gundi inayoyeyuka majini. Gundi hiyo ni utomvu wa mgunga, ule ambao wafanyabiashara huuita gamu arabiki. Mti wake huota katika ukanda mkavu unaoanzia Senegali, ukapita Sudan, ambako eneo la Kordofan linasifika sana kwa utomvu huo, na unapatikana hata kaskazini mwa Kenya, ambako wafugaji hukusanya utomvu wake na kuuuza. Sanaa hii tunayoihesabu kuwa ya Ulaya imeshikiliwa na utomvu wa miti ya nchi kame.

Maji yakikauka huacha utando mwembamba sana wa rangi ulioshikamana na karatasi. Mwanga huupenya utando huo, hugonga weupe wa karatasi ulioko chini, kisha hurudi kupitia rangi ileile hadi kwenye jicho. Umepita ndani ya rangi mara mbili, na ndiyo maana picha nzuri ya rangi za maji huonekana kama inawaka yenyewe. Mchoraji wa rangi ya mafuta akitaka wingu jeupe huchota rangi nyeupe akaiweka juu ya buluu iliyotangulia, akikosea, hufunika. Mwenzake wa rangi za maji hana njia hiyo. Rangi nyeupe nzito zipo, na wengine huzitumia, lakini zinazuia mwanga kupenya na jicho hulitambua mara moja lile doa lililokufa. Weupe wake wa kweli ni karatasi, na karatasi akishaipaka ameipoteza.

Waliokaa karibu na mafundi wa batiki wanalijua jambo hili. Fundi hutangulia kupaka nta mahali anapotaka pabaki peupe, ndipo anatumbukiza kitambaa kwenye rangi nyepesi. Kisha hupaka nta tena juu ya sehemu anayotaka ibaki na wepesi ule, akatumbukiza kwenye rangi nzito zaidi. Kazi inatoka kwenye wepesi kwenda kwenye uzito, na kila hatua inaifunga ile iliyotangulia. Mchoraji wa rangi za maji anafuata mwendo huohuo, ila nta yake iko kichwani: lazima akumbuke, mkono ukiwa unakimbizana na maji, ni wapi brashi isifike.

Karatasi nayo si karatasi yoyote. Ile ya ofisini hunyonya maji papo hapo na kujikunja. Karatasi bora ya kazi hii hutengenezwa kwa nyuzi za pamba na kutiwa jelatini, ili rangi ikae juu kwa muda kabla ya kuzama na mchoraji apate nafasi ya kuisogeza. Huko Kent, Uingereza, kiwanda cha James Whatman kilianza katikati ya karne ya 18 kutoa karatasi yenye uso sawa, isiyo na alama za mistari ya chekeche, na wachoraji wakaipokea kwa hamu. Mwaka 1781 ndugu wawili, Thomas na William Reeves, walituzwa na Society of Arts ya London kwa vibonge vya rangi vilivyokuwa tayari kwa matumizi, bila mchoraji kuhangaika kusaga. Mwaka 1835 Winsor & Newton wakatoa rangi zilizotiwa gliserini, zenye unyevu, zinazolainika mara tu zikiguswa na brashi. Zana zote zikaingia katika mfuko wa koti, na mchoraji akaweza kutoka nje kwa urahisi zaidi.

Kutoka kwenye ramani

Lakini waliotangulia kutoka nje, kabla ya zana hizo, walikuwa watu wa vipimo. Paul Sandby, mmoja wa waasisi wa uchoraji huu nchini Uingereza, alianza ujanani kama mchoraji katika upimaji wa kijeshi wa Scotland uliofuata uasi wa mwaka 1745. Utaratibu wa enzi hiyo ulikuwa huu: kwanza mistari, kisha vivuli vyote kwa kijivu, na mwisho rangi nyepesi juu yake. Rangi ilikuja kama pambo kwenye taarifa iliyokwisha kukamilika.

Desturi hiyo ya kuchora ili kutoa taarifa ilifika hata huku. James Augustus Grant, alipoondoka Zanzibar mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alikuwa na rangi za maji katika mizigo yake. Michoro yake ya safari hiyo, iliyopita Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, na Karagwe, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Ni kumbukumbu yenye thamani kubwa, na kazi yake ilikuwa kusema: hiki nilikiona, kilikuwa hivi.

Mabadiliko yalikuwa yamekwisha kutokea London miaka ya 1790. Vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1775, Thomas Girtin na J. M. W. Turner, walikuwa wakienda jioni nyumbani kwa daktari mmoja mpenda sanaa, Thomas Monro, kunakili michoro ya wengine, hasa ya John Robert Cozens. Girtin alichora mistari, Turner akapaka rangi, na Turner alilipwa shilingi 3 na peni 6 kwa usiku. Katika miaka iliyofuata waliachana kabisa na ule utaratibu wa kijivu kutangulia. Rangi ikawekwa moja kwa moja kwenye karatasi, na ikabeba umbo, kivuli, umbali na saa ya siku kwa pamoja. Kuanzia hapo kila mpako ukawa na uzito, kwa sababu hapakuwa tena na mchoro wa kijivu chini yake wa kuuokoa.

Picha ya kwanza: nyumba isiyopakwa

Tazameni picha ya kwanza. Ni The White House at Chelsea, ya Girtin, ya mwaka 1800, iliyoko Tate, London. Ni ndogo: kimo chake ni sentimita 29.8 na upana ni sentimita 51.4. Tunaona mto Thames jua likiwa limeshuka. Kutoka kushoto kuna kinu cha upepo, kisha nyumba ndogo nyeupe, kisha kwa mbali daraja la Battersea na kanisa la Chelsea. Juu ni anga pana, chini ni maji mapana, na katikati ni ukanda mwembamba wa nchi kavu. Hakuna kasri, hakuna maporomoko, hakuna tukio. Lakini hakuna mtu katika chumba hiki ambaye jicho lake halijaifikia ile nyumba.

Nyumba hiyo haikupakwa. Girtin alipotandaza rangi ya ufuko na ya maji aliizunguka, akaacha karatasi. Akaacha pia mchirizi wa mwanga chini yake, ambao ndio taswira ya nyumba majini. Hiyo ndiyo sehemu rahisi kuielezea. Sasa ondoeni macho kwenye nyumba mkatazame kila kitu kingine. Anga lina mwanga, lakini si jeupe. Maji yanang'aa, lakini si meupe. Mawingu yameshushwa, ufuko umeshushwa. Eneo lote la picha limetiwa utando fulani wa rangi ili kijisehemu kimoja, ambacho unaweza kukiziba kwa ncha ya kidole, kibaki peke yake na weupe kamili.

Lau angeacha na ukingo wa wingu mmoja uwe mweupe kiasi hicho, jicho lingegawanyika na nyumba ingezimika. Kwa hiyo Girtin alipokuwa akipaka anga, mbali kabisa na nyumba, tayari alikuwa anaijenga nyumba. Huo ni ufundi, maana kupaka anga lote kwa utulivu bila kuacha mwanya kunataka mkono uliozoea. Huo pia ni mpangilio, maana ndio unaoamua jicho litue wapi. Nani anaweza kuonyesha mpaka kati ya mambo hayo mawili hapa?

Angalieni pia jinsi mistari ilivyosaidiana. Karibu kila kitu katika picha hii kimelala: ufuko, daraja, usawa wa mto. Vichache ndivyo vinavyosimama, na kati ya hivyo vichache umo ule mchirizi wa mwanga majini chini ya nyumba. Kwa kuwa picha yote imelala, mchirizi mfupi unaosimama unatosha kulishika jicho. Girtin alifariki mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 27. Picha hii aliichora akiwa na miaka 25, na mpaka leo ni somo ambalo wengi wetu tunahitaji maisha mazima kulifuata.

Saa ya maji

Kabla ya picha ya pili inabidi tujue maji yenyewe yanavyotenda kazi. Mpako mpana wa anga hufanywa hivi. Ubao wenye karatasi huinamishwa kidogo kuelekea kwa mchoraji. Brashi pana hujazwa rangi na kuvutwa juu kabisa, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa sababu ya mwinamo, rangi hukusanyika kwenye ukingo wa chini wa mvuto huo, ikawa kama tone refu linalong'aa. Mvuto wa pili hugusa tone hilo na kulishusha, wa tatu hivyohivyo, hadi chini, ambako tone la mwisho hunyonywa kwa brashi iliyokamuliwa. Tone likiwa hai, anga linatoka sawa. Mchoraji akisitasita katikati, ukingo unakauka na kuacha mstari ambao hatautoa tena.

Sababu ya mstari huo inafahamika. Ukingo wa tone la maji hushikamana na karatasi na hukauka haraka kuliko sehemu ya kati; maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, yakibeba chembe za rangi. Mwaka 1997 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kanuni hii kwa kuchunguza alama za duara zinazoachwa na matone ya kahawa. Wachoraji walikuwa wanaiishi kanuni hiyo kwa karne nyingi: wanapoitaka huiachia, wasipoitaka huiwahi.

Kwa hiyo mchoraji anafanya kazi kwa saa ambayo ni unyevu wa karatasi. Karatasi inapong'aa kwa maji, rangi iliyodondoshwa hutawanyika kwa uhuru, haina ukingo. Ndivyo yanavyopatikana mawingu na ukungu. Mng'ao ukishaondoka lakini karatasi bado ni baridi kwa kugusa, rangi nzito hukaa karibu na ilipowekwa, ukingo wake ukalainika kidogo. Ndivyo inavyopatikana misitu ya mbali. Karatasi ikikauka kabisa, ukingo hutoka mkali kama wa kisu. Hapo ndipo penye jiwe, ukuta na tawi. Na brashi ikiwa na rangi nzito isiyo na maji mengi, ikiburuzwa upesi juu ya karatasi yenye mikwaruzo, hugusa vilima tu vya karatasi na kuruka mabonde; ndivyo yanavyopatikana majani makavu na mmeremeto wa jua juu ya maji.

Sasa fikirieni maana yake kwa mpangilio. Umbali katika picha unaelezwa zaidi na kingo kuliko na ukubwa wa vitu. Kinacholainika kinarudi nyuma, kilicho kikali kinasogea mbele. Mchoraji anapochagua kupaka mlima karatasi ikiwa bado mbichi, amechagua kwa tendo hilohilo mlima uwe mbali kiasi gani. Kingo ndiyo sarufi ya picha hizi, na hupatikana kwa kungoja au kuwahi.

Picha ya pili: daraja la Cotman

Picha ya pili ni Greta Bridge ya John Sell Cotman, iliyoko British Museum. Cotman alizaliwa Norwich mwaka 1782. Kiangazi cha mwaka 1805 alikaa kaskazini mwa Uingereza, huko Rokeby, kando ya mto Greta, na picha hii inatokana na kipindi hicho. Ni ndogo kuliko ile ya Girtin: sentimita 22.7 kwa 32.9.

Daraja la jiwe lenye tao moja limevuka mto. Nyuma yake kuna miti iliyokusanyika kama kitu kimoja kizito, kando yake kuna nyumba, mbele kuna maji tulivu na mawe makubwa, juu kuna mawingu. Girtin alitandaza, Cotman anakata. Kila kitu kimepewa mpako wake uliolala sawa, usio na mabadiliko mengi ndani yake, na kila mpako umeachwa ukauke kabla ya ule wa jirani kuwekwa. Hakuna mstari uliochorwa kuzunguka daraja. Ukingo wa daraja upo kwa sababu giza la miti linaishia pale penye mwanga wa jiwe. Miti imelichora daraja.

Hapa mtazamaji mpya huuliza: mbona mti hauna majani? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Cotman alijua majani yapo. Lakini angechora majani, jicho lingeanza kutangatanga miongoni mwake, na uhusiano mkubwa wa picha, yaani ule mviringo wa tao uliobanwa kati ya uzito wa miti juu na utulivu wa maji chini, ungevunjika. Aliacha majani kwa sababu ileile iliyomfanya Girtin aache nyumba bila rangi. Kila kinachoachwa kinakipa nguvu kinachobaki.

Ufundi wake ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mpako uliolala sawa haumpi mchoraji mahali pa kujificha: ukiwa na doa, doa linaonekana, ukizidi uzito, hauwezi kupunguzwa bila kuchafuka. Ni lazima ajue uzito wa rangi ikiwa bado mbichi, ilhali rangi za maji hufifia kidogo zikikauka. Anapaka giza zaidi ya analolitaka, akiamini kwamba likikauka litashuka hadi pale alipopakusudia. Cotman aliishi kwa kufundisha kuchora hadi alipofariki mwaka 1842, na heshima kamili ilimfikia katika karne ya 20, wakati macho ya watu yalipozoea maumbo yaliyorahisishwa. Picha ilikuwa ileile. Watazamaji ndio waliojifunza kutazama.

Picha ya tatu: mlima wa Turner

Picha ya tatu ni The Blue Rigi, Sunrise, ya Turner, ya mwaka 1842. Rigi ni mlima ulio kando ya ziwa Lucerne, Uswisi. Turner aliutazama kutoka mjini Lucerne akauchora katika hali mbalimbali. Yupo Rigi mwekundu wa jioni, aliyeko Melbourne, na yupo huyu wa buluu wa alfajiri. Mwaka 2007 Tate iliinunua picha hii kwa pauni milioni 4.95, baada ya umma kuombwa uchangie.

Tazameni kwanza kwa mbali. Mlima mmoja wa buluu, mkubwa, uliotulia. Nyuma na juu yake mwanga wa njano unaopambazuka. Chini yake ziwa linalorudisha vyote viwili. Mpangilio wake ni rahisi kiasi kwamba mtoto angeweza kuuchora kwa mistari mitatu. Sasa sogeeni karibu. Ule mlima si mpako mmoja. Ni tabaka juu ya tabaka za rangi nyepesi, kila moja ikiwa imekauka kabla ya inayofuata, na juu yake miguso midogo mingi ya brashi nyembamba, ambayo kwa mbali huungana ikawa hewa. Njano ilitangulia, buluu ikafuata. Njano iliyoko chini ndiyo inayoifanya buluu ile isiwe baridi ya kufa bali baridi ya asubuhi inayoelekea kupata joto.

Na ile nyota ya alfajiri iliyo angani? Ni karatasi iliyokwaruzwa. Turner alikuwa na tabia ya kukwangua rangi iliyokauka hadi weupe wa chini ukatokea, na waliomwona akifanya kazi wamesimulia kwamba alitumia hata ukucha wake. Mtasema: basi hoja yako imeanguka, kumbe weupe unaweza kurudishwa. Unaweza, kwa kukwaruza au kwa kuilowesha rangi na kuinyonya kwa sifongo. Lakini weupe uliorudishwa haufanani na ule ulioachwa. Uliokwaruzwa huwa mkali, mdogo, wenye uso uliochubuka. Ulionyonywa huwa na ukungu. Turner alijua tofauti hiyo akaitumia kwa makusudi: mwanga mpana wa anga ni karatasi iliyolindwa tangu mwanzo, na cheche ya nyota ni karatasi iliyojeruhiwa mwishoni. Aina mbili za mwanga, saa mbili tofauti za kazi, na kila moja mahali pake katika mpangilio.

Chini kabisa, mbele, kuna mbwa na ndege wa majini wanaoruka wakikurupuka. Mtu anaweza kudhani ni mapambo. Wazibe kwa mkono, utaona mlima unapoteza ukubwa. Mwendo ule mdogo na wa ghafla ndio unaopima utulivu wa kile kilicho nyuma yake.

Namna ya kuisoma picha

Kutokana na picha hizi tatu tunaweza kupata utaratibu wa kutazama ambao utawafaa popote, iwe mbele ya kazi ya bingwa au ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kwanza, tafuta karatasi. Weupe ulioachwa uko wapi, na uko mara ngapi? Ukitawanyika kila mahali, mchoraji hakuamua.

Pili, fumba macho nusu, ili vitu vidogo vipotee na ubaki na mwanga na giza tu. Picha iliyopangwa vizuri inabaki imesimama katika hali hiyo. Ikiyeyuka ikawa madoa, rangi nzuri haiwezi kuiokoa.

Tatu, fuata kingo. Angalia ni wapi ni kali, ni wapi zimelainika, ni wapi zimepotea kabisa. Jiulize kama ukali uko pale penye jambo kuu, au umesambazwa kwa woga.

Nne, jaribu kupanga upya hatua za kazi. Kipi kilipakwa kwanza? Kipi kilingoja kikauke? Hapa utagundua jambo ambalo uchoraji mwingine hauonyeshi kirahisi: kwa kuwa tabaka zinapenywa na mwanga, hatua zote bado zinaonekana. Mchoraji hakuweza kuficha njia aliyopita, na wewe unaweza kuifuata.

Naongeza tahadhari moja. Rangi za maji huumizwa na mwanga uleule unaozifanya zionekane. Mwaka 1888 Uingereza ilitoa ripoti ya William Russell na William Abney iliyoonyesha kwa majaribio kwamba baadhi ya rangi, nili ikiwa mojawapo, hufifia zikikaa juani. Kazi nyingi za zamani, zikiwemo za Girtin, zimepoteza buluu yake, na baadhi ya mawingu yaliyokuwa ya kijivu yamegeuka mekundu hafifu. Ndiyo maana majumba ya makumbusho huzionyesha katika mwanga mdogo, kwa kawaida usiozidi lux 50, na kwa vipindi vifupi. Kwa hiyo usihukumu rangi ya picha ya miaka mia mbili kwa haraka. Hukumu mpangilio wa mwanga na giza, ambao kwa kawaida hudumu zaidi.

Kwa wanaochora huku kwetu

Wanafunzi wengi hapa wamejifunza kwa vitabu vya Uingereza, na wanashangaa kwa nini maelekezo yake hayafuatiki. Sababu iko angani. Jua la Uingereza huenda chini kwa sehemu kubwa ya mwaka, likatupa vivuli virefu na machweo yanayochukua muda. Karibu na ikweta jua la adhuhuri liko utosini, kivuli kinajikunja chini ya mti, na baada ya magharibi giza huingia upesi. Hewa nayo ni nyingine. Mchana wa Dodoma mpako wa anga unaweza kukauka kabla haujafika chini. Mombasa wakati wa mvua unaweza kungoja na kungoja. Lushoto kwenye ukungu wa asubuhi karatasi inabaki mbichi kiasi kwamba kila ukingo unayeyuka.

Haya yote ni mambo ya ufundi, na tayari ni mambo ya mpangilio. Anayechora Lamu saa sita mchana ana kuta za chokaa zinazong'aa pande zote. Akiziacha zote nyeupe, hakuna itakayong'aa. Afanye kama Girtin: achague ukuta mmoja, na kuta nyingine zote azishushe kwa utando hafifu wa kijivu au wa udongo. Anayechora nyika kavu hana muda wa kulainisha kingo. Basi na ajifunze kwa Cotman, apange maumbo makubwa yenye kingo kali na kuyaacha yazungumze. Anayechora milima ya Usambara alfajiri ana unyevu wa kutosha kujaribu yale ya Turner, tabaka kwa tabaka, mradi awe na subira ya kungoja kila moja ikauke. Hakuna haja ya kuiga mandhari yao. Kinachofaa kuchukuliwa kwao ni ule ujasiri wa kuamua mapema.

Na kwa walimu wenzangu nina ombi. Tuache kuwasifu watoto wetu kwa kujaza karatasi. Katika madarasa mengi mwanafunzi huambiwa picha haijaisha mpaka kila sehemu iwe na rangi, na hapo ndipo tunapomfundisha kuuharibu mwanga kabla hajaujua. Tumpe karatasi moja, rangi moja, na swali moja kabla hajalowesha brashi: utaacha wapi? Akishajibu, apake. Akikosea, achukue karatasi nyingine na ajibu tena. Mwanafunzi aliyezoea swali hilo atakuwa ameanza kujifunza ufundi na mpangilio kwa mkupuo mmoja, na siku akisimama mbele ya kazi ya mtu mwingine, ya hapa au ya ng'ambo, atajua kuheshimu yale ambayo mwenzake alikuwa na nguvu ya kutoyafanya.